Esnath Tweve na Magari Yaliyorudi Kwao

Inatangazwa rasmi kwa wafanyakazi wote wa Kituo cha Uhakiki wa Magari, ofisi za Makambako na Njombe, pamoja na wadau, wageni waalikwa na umma kwa ujumla, kwamba kuanzia saa mbili kamili asubuhi ya Jumatatu tarehe 1 Septemba 2025, dirisha la upande wa mashariki la chumba namba tatu litafunguliwa. Zoezi hilo litasimamiwa na mafundi wawili wenye tindo, kwa kuwa bawaba zimeshikwa na kutu na dirisha lenyewe limepakwa rangi ya mafuta mara nne likiwa limefungwa. Wenye karatasi nyepesi mezani wanashauriwa kuchukua tahadhari.

Sababu ya tukio hili la kihistoria ni kwamba Ijumaa tarehe 29 Agosti, Bi. Esnath Tweve, Mkaguzi Mkuu wa Magari, anastaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu na miezi mitano. Katika muda wote huo hakuruhusu dirisha lile liguswe. Upepo wa Makambako, anasema, si wa binadamu. Ukimkumbusha kwamba yeye ni mzaliwa wa Makete, ambako asubuhi za Juni maji hushika barafu kwenye ndoo, atakujibu kwamba baridi ya Makete ina adabu: inakaa nje inakusubiri, haiingii ofisini kukupekulia mafaili.

Kamati ya maandalizi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu mbili. Ya kwanza, nimekaa naye chumba kimoja muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote. Ya pili, nilichelewa kwenye kikao cha kugawana kazi. Waliowahi walijigawia vinywaji, muziki na mapokezi ya wageni. Nilipofika palikuwa pamebaki wasifu na kufagia ukumbi, na kufagia kulishachukuliwa na Justine.

Bi. Esnath, au Mama Rejoice kama tunavyomwita kwa jina la binti yake wa kwanza, alizaliwa Agosti 1965, mtoto wa nne wa wakulima wa ngano na viazi. Alipomaliza shule alipelekwa kwa shangazi yake mjini Njombe kujifunza kupiga chapa, na tarehe 1 Aprili 1992 akaajiriwa kwetu kwa kazi hiyo. Barua yake ya ajira ninayo hapa mbele yangu. Haitaji gari mahali popote. Kazi yake ilikuwa kuchapa taarifa za wakaguzi watano, wote wanaume, wenye mwandiko mbovu na kujiamini kwingi.

Sasa, mtu akichapa taarifa za wenzake kila siku, huwa anazisoma, jambo ambalo wakaguzi wale hawakulitarajia. Mwaka wa pili wa kazi yake aligundua kwamba magari mawili, moja jekundu na lingine la kijani, yamepitishwa kwa namba ile ile ya chasisi. Akamuuliza mkaguzi mhusika. Akaambiwa kwa upole kwamba magari nayo huzaliwa mapacha. Mpiga chapa wetu hakubishana. Alitoka uani na viatu vyake vya ofisini, akapiga goti kwenye vumbi, akavua kitambaa cha kichwani na kukipitisha polepole juu ya namba ya lile la kijani. Uzi ukanasa. Namba iliyogongwa kiwandani, anavyotufundisha hadi leo, imekwishazeeka, ina ulaini wa kovu la zamani, na kitambaa hupita. Iliyogongwa juzi kwenye banda la uani bado ina meno.

Mkuu wa kituo wa siku hizo alimpeleka Dar es Salaam kwa mafunzo ya miezi sita. Alirudi na ovaroli ya bluu, tochi na cheti, na mashine ya chapa ikabaki yatima. Kitambaa hakukiacha. Tumeletewa vifaa vya kisasa mara tatu, vyenye taa na vyenye kulia kama kifaranga, na mara zote tatu vifaa vimeharibika na kitambaa kikaendelea na kazi.

Madereva wa malori walichelewa kumzoea. Mmoja, aliyeegesha karibu na njia panda, aliona miguu miwili ya buti za mpira imetokeza chini ya trela lake akadhani ni fundi aliyemwita. "Oya, nipe hiyo spana kumi na saba," akasema. Mkono ukatoka na spana. Akafunga nati zake, akashukuru, akarudisha spana, na mkono ule ule ukatoka tena, safari hii ukiomba kadi ya gari. Dereva yule alikuja kuwa rafiki yetu mkubwa, japo siku ile aliondoka kwa basi.

Kuna watu, hata humu ukumbini, wanaodhani kazi yetu ni kukamata magari. Hapana. Kazi yetu ni kuyarudisha. Nchi yetu na majirani zake wamekubaliana kwa maandishi kwamba gari likiibwa upande mmoja likapatikana upande wa pili, litarudishwa kwa mwenyewe bila kumzungusha mahakamani miaka na miaka. Gari la mtu wa Ndola, Zambia, likionekana hapa, tunalithibitisha, tunaliandikia na kulikabidhi mpakani. La kwetu likionekana kwao, nao vivyo hivyo. Makambako tumewekewa dawati la kazi hiyo kwa sababu barabara inayotoka mpakani Tunduma inafika hapa na kupata tamaa: inaweza kuendelea Iringa, na inaweza kukata kwenda Njombe na Songea. Gari la wizi likipita njia panda yetu bila kuonekana, kulipata tena ni kama kutafuta kiazi kimoja kwenye gunia la lumbesa.

Lugha ya makubaliano yale ni ngumu. Nimeyasoma mara nyingi na bado kuna ibara nazipita kwa heshima tu. Mama Rejoice aliyafupisha kwa maneno yake mwenyewe, na nimemsikia akiyasema kwenye mikutano ya hadhara, kwenye minada, hata Uwemba kwa Wakatoliki, ambako yeye ni Mlutheri pekee ninayemjua kupewa dakika kumi baada ya misa: "Gari la wizi halipati uraia kwa kuvuka mpaka. Linabaki mgeni. Na mgeni akitafutwa kwao, sisi tunamsindikiza."

Kwa mikono yake ameyasindikiza magari mia mbili na kumi na manne, na ameyapokea ya kwetu sitini na moja. Kati ya hayo sitini na moja lilikuwemo gari la maziwa la ushirika mmoja wa Njombe, lililokutwa ng'ambo limepakwa rangi ya waridi na kuandikwa jina la saluni ubavuni. Lilirudi likinukia dawa ya nywele kwa mwezi mzima. Wanachama waliapa kwamba maziwa ya mwezi ule yalikuwa na povu zaidi.

Vijana wetu wa sasa, akina Praygod na Anneth, watamkumbuka zaidi kwa herufi zake. Kila anayeanza kazi kwenye dawati letu hupewa karatasi ya kusomea namba kwenye simu: K ya Kitandililo, L ya Lupembe, M ya Makambako, U ya Uwemba, Y ya Yakobi. Inaendelea hivyo kwa raha mustarehe mpaka ifike R. Hapo hakuna mji wala mto. Pameandikwa: "R ni P iliyonyoosha mguu." Wageni kutoka makao makuu walicheka sana walipoisikia, wakapendekeza tutumie mto Ruhuji, ambao tunao hapa hapa mkoani. Mama Rejoice alikataa katakata, akasema P inyooshe mguu, na mguu umenyooshwa mpaka leo. Juzi nimempigia simu afisa wa Mbeya nikamsomea namba, akaniuliza mwenyewe, "Imenyoosha mguu au haijanyoosha?" Ndiyo kusema elimu imeenea.

Sasa nifike kwenye jambo la mwaka 2009. Katika rasimu ya kwanza ya wasifu huu nililiandika kwa sentensi moja tu: kwamba palitokea hitilafu ya mawasiliano, ambayo Bi. Tweve aliishughulikia kwa umahiri mkubwa. Nilimpelekea aipitie. Aliirudisha kesho yake imepigwa mstari mwekundu, na pembeni ameandika: "'Palitokea' ndiye nani? Kristina atakuwepo ukumbini. Andika ilivyokuwa."

Basi naandika.

Septemba 2009 makao makuu walituletea ombi kutoka Zambia. Pikapu nyeupe ya mwalimu mmoja wa Kasama imeibwa, inasadikiwa imeelekea kwetu. Barua iliingia Njombe, ambako ndiko kulikokuwa na mashine ya faksi, na ili tusipoteze muda ikasomwa kwa simu hadi Makambako. Kwa aina ile ya pikapu, namba ya chasisi ilianza na R kama injini ni ya petroli, na L kama ni ya dizeli. Tarakimu zinazofuata ziliweza kufanana kabisa. Pikapu ya mwalimu ilikuwa R. Makambako ikaandikwa L.

Na pikapu yenye L na tarakimu zile zile ilikuwepo, umbali wa nusu saa tu kutoka ofisini. Ilikuwa Kitandililo, kwa Bi. Kristina Mwalongo, mkulima wa viazi na mzee wa kanisa katika usharika wake. Aliinunua kihalali, ikiwa na kadi safi, na hapo tena ndipo mkosi ulipozidi, maana kadi safi kupita kiasi ni kitu kinachotutia shaka sisi watu wa dawati. Mama Rejoice alipitisha kitambaa. Kikapita vizuri. Akalinganisha namba na karatasi aliyopewa. Zikalingana. Barua yenyewe ya Zambia ilikuwa bado Njombe, na kanuni inataka mkaguzi aione kwa macho kabla ya kusaini. Maafisa wa Zambia walikuwa tayari wanasubiri mpakani. Alisaini bila kuiona.

Waliokuwepo siku pikapu inachukuliwa hawajasahau. Bi. Kristina hakulia wala hakutukana. Alisimama mbele ya gari na fulana yake ya shambani, matope hadi magotini, majirani wamejaa kwenye uzio.

"Mama, unanichukulia gari mchana kweupe halafu unanipa karatasi?"

Mama Rejoice alimweleza habari ya makubaliano, kwa yale maneno yake ya mgeni kusindikizwa. Bi. Kristina alimsikiliza hadi mwisho.

"Hayo makubaliano mlikubaliana na nani?" akauliza. "Mimi sikuwepo."

Pikapu ikaondoka. Jioni hiyo hiyo Kitandililo nzima ilikuwa inajua kwamba Kristina Mwalongo alikuwa anaendesha gari la wizi. Jumapili ya pili baraza la wazee lilimwomba apumzike kidogo uzee wa kanisa mpaka jambo lieleweke. Viazi vyake vya msimu ule vilitoka shambani kwa mkokoteni, na wapita njia wakawa wanamuuliza kama mkokoteni nao una kadi.

Siku tisa baadaye mwalimu wa Kasama alifika Nakonde, upande wa pili wa Tunduma, kuchukua mali yake. Akawasha. Akazima. Akawaambia maafisa, kwa ustaarabu wote wa mwalimu, kwamba pikapu yake haijawahi kunguruma kama trekta. Wiki hiyo barua halisi ikatufikia kutoka Njombe, na mwanzoni mwa namba palikuwa na R nene, nyeusi, isiyo na shaka yoyote.

Mtu angedhani kilichobaki ni kuomba radhi na kurudisha gari. Lakini makubaliano yale, jamani, yameandikwa kwa ajili ya magari yaliyoibwa. Pikapu ya Kristina haikuibwa na mtu. Ilivuka mpaka kwa mihuri minne, kwa mkono wa serikali kwenda mkono wa serikali. Mwalimu hakuitaka, Wazambia hawakuwa na kifungu cha kuirudisha, na sisi hatukuwa na fomu ya kuomba kitu tulichokitoa wenyewe. Ikakaa uani Nakonde, matairi yakianza kulegea. Mkuu wa kituo wa wakati ule alielekeza iandikwe taarifa kwamba palitokea hitilafu ya mawasiliano, kisha tusubiri mwongozo. Tulisubiri Oktoba, Novemba na Desemba. Bi. Kristina alikuwa anakuja kila Alhamisi, anakaa kwenye benchi la koridoni kuanzia saa tatu hadi saa sita, hasemi neno, anaondoka. Sijawahi kuona benchi likiwa na sauti kubwa namna ile.

Mwezi Januari Mama Rejoice alichukua fomu ya kawaida, ile tunayojaza gari la Mtanzania linapoibwa na kupelekwa nje. Akaijaza kwa kalamu. Jina la mwenye gari: Kristina Mwalongo, wa Kitandililo. Mahali gari lilipo: uani, Nakonde. Namna lilivyotoka nchini: lilichukuliwa kwa mwenyewe bila haki. Halafu ukafika mstari ambao hauwezi kuachwa wazi, maana bila huo fomu hairuhusiwi kuvuka mpaka. Jina la mtuhumiwa.

Aliandika: Esnath Tweve.

Akaongeza namba yake ya ajira, anwani na simu ya mezani ya ofisi, akagonga muhuri, akaituma kabla mkuu hajarudi kutoka kikaoni Njombe.

Baada ya siku nne simu ya mezani ikalia. Alikuwa Afisa Simukonda wa Nakonde, mtu wa mpakani anayezungumza Kiswahili vizuri kuliko baadhi yetu. Sauti yake ilikuwa kubwa, na chumba kizima tulisikia.

"Mama Tweve, hapa kuna mwizi anaitwa Esnath. Tumkamate?"

"Kamata gari kwanza, baba. Mwizi atakuja mwenyewe kulipokea."

Simukonda alicheka mpaka akakohoa. Lakini sasa alikuwa na kila kitu anachokihitaji: mwenye mali, mali, na mtuhumiwa. Makubaliano yakaanza kufanya kazi. Tarehe 17 Aprili 2010, baada ya miezi sita na nusu, pikapu ilivuka Tunduma kurudi nyumbani, Mama Rejoice mwenyewe akiwa kwenye usukani na pampu ya mkono kiti cha nyuma, maana tairi moja lilikuwa linahitaji kufarijiwa kila baada ya kilomita hamsini. Hakuiegesha ofisini. Aliipeleka moja kwa moja Kitandililo, akafika kesho yake Jumapili, watu wanatoka kanisani. Pale mlangoni akasema mbele ya wote kwamba gari hili halijawahi kuwa la wizi, na kwamba aliyesaini karatasi yenye makosa ni yeye. Bi. Kristina alipokea ufunguo, akazunguka gari mara moja, akapiga teke tairi lile lililolegea. "Kamwene," akamwamkia hatimaye, kwa Kibena. Siku ile hapakuwa na zaidi ya hilo. Uzee wa kanisa alirudishiwa kabla ya Pentekoste. Kumsamehe Mama Rejoice kulichukua miaka miwili zaidi, na kulianza na debe la viazi lililoachwa mlangoni kwetu bila jina. Pikapu ya mwalimu wa Kasama nayo ilipatikana Songea mwaka uliofuata, ikarudi kwao.

Mstari ule mmoja ulimgharimu. Aliandikiwa barua ya onyo. Kupandishwa kwake kuwa Mkaguzi Mkuu kulisimama miaka minne kwa kuwa faili lake lilionyesha ana shauri la wizi linaloendelea, ambalo hakuna aliyejua namna ya kulifunga. Kwaya yake ilipoalikwa Zambia mwaka 2012, wenzake walivuka na yeye akazuiliwa Tunduma saa tatu nzima, mpaka Simukonda alipopatikana kwa simu kueleza kwamba huyo ni mwizi wanayemfahamu. Lakini mwaka 2015 fomu ya dawati letu iliongezwa kipengele cha gari lililorudishwa kimakosa. Kimetumika mara mbili tangu hapo, na mara zote mbili gari lilirudi kwa mwenyewe ndani ya wiki tatu. Nikiulizwa mafanikio yake makubwa ni yapi, sitataja yale mia mbili na kumi na manne. Nitataja kipengele hicho.

Mama Rejoice anahamia Mjimwema, kwenye nyumba ambayo yeye na mumewe, Mzee Filemoni, wameijenga kwa subira, yenye miche arobaini ya parachichi na madirisha madogo kwa makusudi. Wajukuu wanamsubiri. Kwaya inamsubiri. Kwa niaba ya ofisi zote mbili tunamshukuru kwa kila goti alilolipiga kwenye vumbi la uani kwetu. Tunamwombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na maparachichi yasiyodondoka kabla ya wakati. Nenda salama, Mama Rejoice, na ukawe na siku njema nyingi.

Hapo ndipo ilipoishia rasimu iliyopitishwa na kamati. Yanayofuata nimeyaongeza mwenyewe jana kwa mchapaji, na kamati itanisamehe au haitanisamehe.

Mtaona juu huko nimeandika kwamba barua "ikasomwa kwa simu" na kwamba Makambako "ikaandikwa L". Simu haijisomi na L haijiandiki. Aliyesoma ni Flora, aliyekuwa masjala Njombe, na alisoma sawasawa. Aliyepokea ni mimi. Ilikuwa saa saba kasoro, laini inakatika, na kuna sehemu karibu na stendi walikuwa wanakaanga nyama nzuri ya kitimoto ambayo saa saba na robo ilikuwa imekwisha. Flora alisema, "Ara, ya Ruhuji." Nilichokamata ni jina la mto tu. Mimi nimekulia Lupembe, na mto ule tangu utoto kwetu tunauita Luhuji. Mkono ukaandika herufi ya kwanza kama mdomo wangu unavyoitamka. Nilijua laini imekatika. Nilijua natakiwa kupiga tena na kurudia namba yote. Nilivaa koti nikaenda kula.

Barua halisi ilipofika, Mama Rejoice aliiweka mezani kando ya karatasi yangu, yenye mwandiko wangu na herufi za mwanzo za jina langu chini. Akazilinganisha herufi kwa herufi. Meza yangu iko hatua tatu kutoka yake. Akaziweka zote mbili kwenye faili, akafunga, akaniomba nimpitishie chai. Hakuniuliza lolote, na mimi sikusema lolote: si siku ile, si zile Alhamisi za benchi, ambapo nilikuwa natokea mlango wa nyuma, wala Januari alipokuwa anajaza ile fomu mbele ya macho yangu. Mei Mosi ya 2010, wiki mbili baada ya pikapu kurudi, nilipewa cheti cha mfanyakazi hodari. Kipo sebuleni kwangu.

Nilijaribu mara moja, mwaka 2016, tukiwa tumeharibikiwa na gari Igawa tukisubiri fundi. Nilianza kwa kuzunguka, kama kawaida yangu, nikasema kuhusu ile karatasi ya 2009. Alinikatiza.

"Anold, mimi ndiye niliyesaini bila kuona barua. Halafu fomu ile ina mstari mmoja tu wa mtuhumiwa. Wawili tusingeenea."

Akageukia dirishani, nami nikafurahi kunyamazishwa. Hilo la kufurahi ndilo linaloniuma zaidi.

Bi. Kristina, uko safu ya tatu, karibu na mlango. Miaka kumi na mitano unanipa lifti kutoka Kitandililo ukinikuta barabarani, kwenye pikapu hiyo hiyo, na kila mara unaniambia nimsalimie yule mama aliyekosea. Ukurasa huu una nafasi ya kutosha. Mama alikosea kusaini. Aliyeandika L ni mimi, Anold Mgaya.